Ndugu Isaías

Tapachula, 5 Machi

Mama,

Natumaini barua hii inakukuta mzima, na lile goti lako limeacha makelele. Ndugu Chepe anashusha mzigo leo, kesho asubuhi anageuza lori kurudi Honduras, kwa hiyo naandika harakaharaka nikiwa nimekalia ndoo nje ya chumba chetu. Simu nimeiacha kama tulivyokubaliana. Afadhali karatasi ndani ya kikapu cha chakula cha Chepe kuliko wale jamaa wa kona wakamate simu yako na kusoma niliko.

Mjukuu wako Damaris hajambo. Jino la mbele limeng'oka. Anasema chapati za tortilla za huku Meksiko ni nyembamba mno, na anasema kwa sauti, mbele ya mama anayeziuza.

Kwenye ofisi ya hifadhi nimeshahojiwa. Nilikaa na afisa saa tatu nzima, mwanamke mpole, kila nisemacho anakiandika kwenye kompyuta. Nilimweleza yote. Jinsi ndugu Isaías alivyokuwa mshika funguo wa kanisa, jinsi wale jamaa wa kona walivyotaka kuficha silaha zao kwenye chumba cha ngoma naye akakataa, na jinsi mimi nilivyokuwa nafagia nyuma ya pazia nikaziona sura zao. Nikamwambia nilitoa ushahidi polisi, na kesho yake wakaja nyumbani kuniulizia. Masimulizi yalipofika pale walipomuua Isaías nililia, naye akaningoja nimalize. Wakikubali ombi letu, mimi na Damaris haturudishwi, na nitaruhusiwa kukuombea wewe pia uje. Wakikataa, tunarudishwa kulekule. Nangoja jibu.

Sasa cheka kidogo. Mwanao anacheza filamu! Kuna msichana wa chuo anaitwa Renata, anatengeneza filamu fupi ya dakika kumi na tano kuhusu sisi watu wa kungoja. Hataki waigizaji, anataka wangojaji wenyewe, na wangojaji hapa Tapachula ni wengi kuliko viti. Mimi ni mama anayehojiwa. Afisa wa kwenye filamu ni Mcuba mmoja, Osvaldo, zamani alikuwa mtangazaji wa redio huko Camagüey. Naye anangoja hifadhi kama mimi. Anaongea kana kwamba mji mzima umemfungulia redio. Kusema kweli nafurahi. Jumamosi tukifanya mazoezi sikumbuki foleni.

Nisalimie kuku wako na nyumba yetu.

Mwanao, Nohemí

Choloma, 11 Machi

Nohemí mwanangu,

Amani ya Bwana iwe nanyi. Goti limepona, sasa ni kiuno. Barua yako nimeisoma mara mbili, mara ya pili nikiwa na miwani.

Filamu! Wewe? Umesahau Krismasi ile ulipopewa uwe Mariamu? Malaika alipokuja kukupa habari uliangua kicheko hadi mchungaji akafunga pazia. Na malaika alikuwa Isaías, maskini, na mabawa yake ya boksi la mayai. Ulimwaibisha mbele ya kanisa zima, naye Alhamisi ile akaja kula kwetu kama kawaida na kusema, "Dada Nohemí, hata mimi nilikuwa nakaribia." Haya, cheza filamu yako, lakini usivae nguo zisizo na mikono.

Hapa hakuna jipya. Yule kuku kilema anataga chini ya kitanda. Parachichi limetoa maua. Dada Chayo na dada Mirtala wanakusalimu, na kwaya haijapata mpiga ngoma mwingine tangu Isaías. Tunaimba tukipiga makofi, tunatofautiana mpaka inatia huruma.

Umeniandikia karatasi nzima ya Osvaldo na Renata, na ofisi umeipa mistari michache tu. Mimi ndiye niliyekuzaa. Nikiona unaruka kitu, najua ndicho kinachouma. Wamekujibu nini?

Mwambie Damaris jino alitupe juu ya paa, siyo chini.

Mama yako, Ercilia

Tapachula, 16 Machi

Mama,

Kweli nilipoandika barua ile jibu halikuwa limetoka. Lakini sasa limetoka. Juzi Ijumaa waliniita dirishani wakanipa kurasa nne. Wamekataa.

Nimezisoma mpaka zimelainika. Panasema hivi: mwombaji anatoa habari za kuuawa kwa ndugu yake, orodha za usajili za nchini kwake zinaonyesha kwamba mwombaji hana ndugu, kwa hiyo maelezo yake hayaaminiki. Mama, wanasema Isaías hakuwako! Mtu aliyekula kwetu kila Alhamisi kwa miaka tisa, wanasema nimemzua. Nilisimama pale dirishani nikaona aibu kama mwizi, na Damaris ananivuta sketi akitaka kujua tunakula nini.

Kuna wakili, Bi Amparo, anawasaidia wahamiaji bure. Atakata rufaa. Siku ya mwisho ni tarehe tatu Aprili, na ana watu sitini kabla yangu, kwa hiyo amepitia juujuu tu. Amesema nilete chochote kinachoonyesha kwamba Isaías Murillo aliishi na akafa. Cheti cha kuzaliwa, cha kifo, chochote. Ningekuomba kwa upole lakini muda haunipi upole. Tafadhali mpe Chepe kabla hajaondoka safari hii, maana safari nyingine itakuwa imechelewa.

Nilitaka kukuficha mpaka rufaa iamuliwe. Wewe ukaniwahi.

Nohemí

Choloma, 24 Machi

Mwanangu,

Usilie mbele ya mtoto. Soma barua hii mpaka mwisho kabla ya kunipigia kelele.

Cheti cha kuzaliwa cha Isaías hakipo. Aliokotwa mchanga wakati wa mafuriko, wewe unajua, akalelewa mkono huu na mkono ule, na hakuna mkono ulioenda naye kuandikisha. Kitambulisho alikuwa anakifuatilia mwaka jana. Cha kifo wanasema wanangoja daktari asaini, na daktari hayupo, na akiwepo muhuri haupo. Nilikaa benchi la ofisi ya vyeti siku mbili na kiuno hiki.

Siku ya pili nikaisoma tena barua yako. Wanasema huna ndugu. Basi, nikasema, kama wanachotaka ni ndugu, ndugu nitampa. Nikamchukua dada Chayo na dada Mirtala tukaenda mjini kwa mwanasheria. Nimeapa, mkono juu, kwamba Isaías nilimzaa mimi kabla yako nikashindwa kumwandikisha, na wao wawili wameapa kwamba waliona. Mwanasheria akauliza alizaliwa lini. Nikamjibu, "Alhamisi." Akasema, "Mama, nataka tarehe." Nikampa mwaka wa mafuriko, na siku na mwezi wa ubatizo wake, maana suruali ile ya kubatiziwa nilimshonea mimi. Mirtala alitoka analia. Chayo alisaini kwa kalamu nyekundu, ikabidi arudie.

Karatasi ndiyo hii, ina muhuri. Najua ni uongo wa kiapo. Nimeshaongea na Mungu kuhusu hilo na mazungumzo hayajaisha. Lakini mtoto wangu aliye hai ni mmoja, na sitakubali uletwe kwenye kona ile kwa sababu tumbo langu halikuzaa vya kutosha.

Peleka. Usinifikirie mimi.

Mama yako, Ercilia

Tapachula, 2 Aprili

Mama,

Kaa kitako. Ni ndefu.

Jumamosi kabla Chepe hajafika tulikuwa mazoezini. Renata kaazima meza kwa fundi cherehani, kamera imewashwa, Osvaldo kavaa tai. Ana maswali yake yaliyoandikwa, lakini mtu wa redio humfungi na karatasi, anaongeza ya kwake. Nikawa nasimulia: ndugu Isaías hivi, ndugu Isaías vile. Akanikatiza.

"Huyo ndugu yako, baba mmoja mama mmoja?"

Mama, nilicheka. Nilicheka kama Krismasi ile. Nikamwambia, "Mama mmoja wapi! Ni ndugu wa kanisani. Mama yangu alizaa mmoja, akasema huyu anatosha."

Osvaldo akaweka kalamu chini. Akaiacha sauti ya redio, akauliza kama mtu wa kawaida, "Binti, na kule ofisini uliwaambia hivyo?"

"Niliwaambia ndugu Isaías. Nani asiyejua ndugu ni nini?"

"Mimi," akasema. "Kwetu ndugu ni yule mliyegombania kitanda."

 Damaris ndiye aliyesema, "Kumbe afisa hasali kwetu."

Ni hilo tu, Mama. Neno moja. Hawakusema Isaías hakuwako. Walisikia ndugu wakafikiri tumbo lako, wakaenda kutafuta tumbo lako kwenye orodha. Nami saa tatu nzima sikuwahi kufikiri kwamba kuna mtu duniani wa kuelezwa neno hilo.

Jumatatu Chepe akafika na karatasi yako. Nikajua ulichofanya kabla sijamaliza mstari wa kwanza. Nilikaa nayo siku nzima mezani, Damaris akila upande ule nami upande huu. Inalingana kabisa na walichoandika wao. Wanatafuta ndugu, huyu hapa, na muhuri juu. Osvaldo akasema, "Peleka, acha ujinga, ukweli wako hauna hata kipande cha karatasi." Na kweli sikuwa nacho. Chepe hawezi kwenda na kurudi kwa siku tatu.

Sikuipeleka.

Isaías alikufa kwa sababu alikataa kitu kifichwe kanisani. Nikajaribu kujiona nikisimama pale dirishani na kuficha kitu ndani ya jina lake, nikashindwa. Nilikwenda kwa Bi Amparo mikono mitupu nikamweleza neno lenyewe. Akachukua nakala ya mahojiano yangu, safari hii akasoma kila mstari na kalamu mkononi. Ndugu Isaías. Ndugu Chepe. Dada Mirtala. Dada Chayo. Ndugu mchungaji. Akaanza kucheka peke yake. "Kwa hesabu hii," akasema, "mna watoto sita kwenu, na mmoja wao mchungaji ana miaka sabini. Mama yako alikuwa na kazi." Kumbe ushahidi ulikuwa mdomoni mwangu, umeandikwa na afisa mwenyewe. Ameuweka wote kwenye rufaa, pamoja na kile kipande cha Renata ninapocheka, kina tarehe na saa. Tumewasilisha leo, siku moja kabla ya mwisho.

Naogopa sana. Kama nimekosea, tutarudishwa, mimi na Damaris, na kosa litakuwa langu, maana wewe ulinipa njia.

Jambo la mwisho. Katika karatasi ile ya uongo kuna kitu kimoja cha kweli, nacho hukukusudia nikione. Chini ya jina lako wameandika: mkazi wa nyumba ya Rosario Pineda. Rosario ndiye dada Chayo. Tangu lini, Mama?

Karatasi nimeikunja. Ukisema niichane nitaichana.

Nohemí

Choloma, 10 Aprili

Nohemí,

Tangu tarehe nane Februari. Walikuja wawili wa wale jamaa wa kona, kwa adabu kabisa, wakasema nyumba wanaihitaji. Wakanipa mpaka saa kumi. Nilichukua Biblia, sufuria kubwa, kuku, na picha zako. Kuku kweli anataga chini ya kitanda, ila ni kitanda cha Chayo. Parachichi kweli limetoa maua, naliona nikipita upande wa pili wa barabara. Sikukudanganya, nilipunguza tu.

Kuhusu karatasi, nimekasirika siku mbili. Nilikwenda na kiuno kibovu kumtupia Mungu uongo mkubwa kuliko wote wa maisha yangu, na wewe umeukunja ukauweka kando. Siku ya tatu nikawa nakaanga ndizi, nikakumbuka Isaías alivyokataa kuchukua ndizi ya mwisho kwenye sahani, kila Alhamisi, miaka tisa. Ilibidi Damaris amlishe kwa nguvu. Nikaona ninyi wawili mlifanana, kumbe ndiyo maana mlikuwa mnacheka pamoja.

Mwambie Bi Amparo sikuwa na kazi kubwa kiasi hicho.

Usiichane.

Mama yako, Ercilia

Tapachula, 18 Juni

Mama,

Wamekubali.

Niliitwa dirishani saa nne asubuhi. Yule afisa mpole alitoka nje mwenyewe. Akasema, "Dada Nohemí," halafu akashtuka, akafunika mdomo. Tukacheka wote wawili, halafu mimi nikalia mpaka Damaris akaona haya na kwenda kusimama na familia nyingine.

Jumapili filamu ilionyeshwa ukutani sokoni, kwenye ukuta wa wauza samaki. Renata amekiacha kile kicheko ndani yake, kama kilivyotoka. Watu walipofika hapo walicheka nami, halafu walipoelewa nacheka nini wakaacha kucheka. Osvaldo bado anangoja yake. Anasema akikubaliwa atadai nafasi ya pili ya kuigiza, yenye tai nzuri zaidi. Nimempa Chepe filamu kwenye simu yake uitazame garini. Mikono nimefunika.

Nimejaza fomu ya kukuombea uje. Kuna mstari wa watoto wako. Nimeandika mmoja. Mpakani watakuuliza tena, na nakuomba, Mama, najua itakuwia vigumu, jibu hivyohivyo. Mmoja. Wakisikia wawili tutaanza upya.

Nohemí

Choloma, 9 Agosti

Mwanangu,

Ruhusa yangu imefika. Kuku nimemwachia Chayo, sufuria nakuja nayo.

Filamu nimeitazama ndani ya lori mara tatu. Chepe alikuwa anatoka nje kila unapocheka, anajifanya anakagua matairi. Ni filamu nzuri. Ni fupi mno. Huyo Mcuba anakula vizuri? Anaonekana kama mtu anayehitaji kualikwa.

Jana nilipita kaburini. Sikukaa sana. Nilimwambia nahama, na kwamba ngoma bado haijapata mtu, na kwamba kuna karatasi mahali inayosema ni wangu, haina kazi kwa mtu yeyote lakini ipo.

Barua hii inatangulia na dereva mwenzake Chepe. Chepe anasema tukiondoka Jumatatu tutafika huko Alhamisi. Basi pika kama tulivyozoea kupika Alhamisi, na ndizi ya mwisho isiliwe mpaka nifike.

Lile jibu nimejizoeza wiki nzima. Watoto wangapi, mama? Mmoja. Nimemfanya Chepe awe afisa, na sasa nalitoa bila kusita. Wao nitawajibu mmoja, kama ulivyoniomba. Wewe usiniulize.

Mama yenu, Ercilia